Bei ya Mlango Uliofungwa



Wiki iliyopita nilikuwa stesheni ya Mpanda nikingoja gari moshi la kwenda Kaliua, kwa nia ya kushuka Ugalla nilikozaliwa, na kwa kuwa saa ya kuondoka ilikuwa bado mbali, nilikaa juu ya furushi langu kando ya kijana mmoja aliyekuwa ameinamia simu yake kwa utulivu ambao sisi wazee tulizoea kuuona kwa mtu anayesoma barua ya nyumbani. Nilidhani yuko katika mkeka wa mpira, kama walivyo vijana wengi siku hizi, ambao hupanga majina ya timu za Uingereza na Hispania na kuweka dau la shilingi elfu moja kwa tumaini la kuvuna laki. Lakini aliponiamkia nami nikamwitikia, alinionyesha kioo cha simu, nikaona picha za watu wawili waliovaa tai, na kando ya mmoja imeandikwa 62, na kando ya mwingine 31. Alinieleza kwamba watu hao wanagombea tiketi ya chama chao ili mmoja wao asimame kuwa gavana wa jimbo fulani la Marekani, na kwamba hizo tarakimu si za kura, maana hakuna kura iliyopigwa bado, bali ni bei. Kisha akaniuliza, "Babu, hii 62 maana yake huyu keshashinda?"

Gari moshi lilifika kabla sijamaliza kufikiri, nikapanda naye akabaki, nami nikamwahidi dirishani kwamba jibu lake nitalitoa hapa redioni. Mazungumzo ya leo, basi, ni deni ninalolipa.

Neno gavana lina historia ndefu masikioni mwa wazee wa Tanganyika. Sisi tuliozaliwa kabla ya Uhuru tulilisikia likitajwa kwa Sir Edward Twining, aliyetawala tangu 1949 hata 1958, na baada yake kwa Sir Richard Turnbull, watu walioteuliwa London na kuletwa kwetu pasipo mtu yeyote wa Mpanda kuulizwa kama anawataka. Leo katika mkoa wetu wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais, kwa hiyo gavana wa kuchaguliwa kwa kura ni jambo tunalolitazama kwa majirani. Kenya, kwa Katiba yao ya mwaka 2010, wanazo kaunti 47, na kila moja imekuwa ikimchagua gavana wake tangu uchaguzi wa Machi 2013. Marekani wanayo majimbo 50, na katika mwaka huu wa 2026 majimbo 36 yanachagua magavana. Lakini huko kote, kabla mtu hajasimama mbele ya umma kwa jina la chama, sharti kwanza asimame mbele ya watu wa chama chake na kupata idhini yao. Wakenya huiita kazi hiyo mchujo, nasi tangu zamani tumeiita kura za maoni. Na ni hapo, katika hatua hii ya kwanza ambayo aghalabu ndiyo ngumu kuliko ya pili, ndipo soko la utabiri linapoweka meza yake.

Soko hilo huenda hivi. Hutolewa hati yenye swali moja: je, fulani atapata tiketi ya chama chake? Ikiwa ataipata, mwenye hati atalipwa dola moja kamili. Asipoipata, hati haina thamani hata ya karatasi iliyofungia karanga. Sasa, kwa kuwa kila mtu ana dhana yake, anayeamini kwamba fulani atashinda atakubali kuinunua hati kwa senti 50, au 60, au 70, na asiyeamini atakuwa radhi kuiuza. Na pale wanunuzi na wauzaji wanapokutana ndipo bei inapotua. Ikitua juu ya senti 62, husemwa kwamba soko linampa mtu huyo nafasi 62 katika 100. Hakuna mkuu wa soko aliyeketi na kuamua hivyo. Chuo Kikuu cha Iowa kilianza soko dogo la namna hii mwaka 1988 kwa ajili ya elimu, na katika miaka ya karibuni zimetokea kampuni kubwa mbili, Kalshi na Polymarket. Hii ya pili ilitozwa faini ya dola milioni 1.4 na tume ya serikali ya Marekani Januari 2022 kwa kuendesha biashara bila ya kibali, na ile ya kwanza ikashinda kesi mjini Washington Septemba 2024 iliyoifungulia mlango wa kuuza hati za uchaguzi. Katika uchaguzi wa Rais wa Marekani wa mwaka huo huo, biashara iliyopita katika Polymarket peke yake ilizidi dola bilioni 3.

Nisingependa mtu adhani kwamba nalitaja soko hili ili nilitupe mara moja jalalani kwa kuwa linafanana na kamari. Dini yangu imenifundisha msimamo wangu juu ya maisiri, wala sitauficha. Lakini swali la kijana yule lilikuwa swali la maarifa, nalo lastahili jibu la maarifa. Je, bei hii inajua kitu?

Mjomba wangu alikuwa mrina asali katika miombo ya Ugalla, mtu wa mizinga ya magome iliyotundikwa juu ya miti, na alikuwa na desturi, kabla ya kuwasha moshi, ya kuugonga mzinga kwa kifundo cha kidole, kuweka sikio, na kusema, "Debe moja na robo," au "Nusu debe, wenyewe wamekula." Warina wenzake nao waligonga, kila mmoja akasema lake, na mimi mtoto niliyebeba kamba niliona kwamba, ijapokuwa mara nyingi hakuna mmoja aliyepatia sawasawa, ukichukua maneno yao yote na kutafuta yaliyo katikati, asali ilipomwagwa haikuwa mbali na hapo. Nilipokuwa mtu mzima nilielewa sababu yake. Asali ile ilikuwa imekwisha kuwamo. Kila sikio lilikuwa limesikia kitu cha kweli, kwa upungufu wake, na pungufu za mmoja zilisawazishwa na ziada za mwingine. Tena, na hili ndilo kubwa, kugonga kwao hakukuongeza wala kupunguza tone moja la asali.

Ndivyo soko la utabiri linavyofanya kazi linapofanya kazi vizuri. Katika uchaguzi ule wa Marekani wa 2024 alikuwapo Mfaransa mmoja aliyeweka dau kubwa juu ya ushindi wa Donald Trump na kuondoka na makumi ya mamilioni ya dola, na alipoulizwa siri yake alieleza kwamba alilipia uchunguzi ambao watu hawakuulizwa watampigia kura nani, bali waliulizwa majirani zao watampigia nani. Ewe msikilizaji wa kijijini, hilo twalijua! Mwulize mtu habari za moyo wake, atakupa lile linalomfaa kusemwa mbele ya mgeni. Mwulize habari za jirani, atakupa ukweli na wa kwake ndani yake. Bwana yule alitafuta maarifa yaliyotawanyika vibarazani, akayakusanya, akayapeleka sokoni, na bei ikawa na hekima kwa sababu yake. Uchaguzi wa watu zaidi ya milioni mia moja na hamsini ni mzinga mkubwa, na dau la mtu mmoja, hata liwe kubwa namna gani, haliwezi kuyabadili yaliyomo ndani yake.

Lakini tiketi ya chama si mzinga.

Hebu turudi Dodoma, Julai 1995, ukumbi wa Chimwaga, Mkutano Mkuu wa CCM ukitafuta mgombea wa kwanza wa urais tangu vyama vingi kurejea. Walisimama watatu: Jakaya Kikwete, Benjamin Mkapa na Cleopa Msuya. Katika duru ya kwanza Kikwete aliongoza kwa kura 534, Mkapa akapata 459, Msuya 336. Na kwa kuwa hakuna aliyefika nusu, Msuya akatoka, wajumbe wakarudi kwenye karatasi. Laiti soko la namna hii lingalikuwapo saa ile, bei ya Kikwete ingalipanda juu sana, kwa maana nani asiyemnunua aliyetangulia? Duru ya pili ikasomwa: Mkapa 686, Kikwete 639. Tofauti ni kura 47. Hisabu hiyo naomba tuikalie kidogo, kwani imo ndani yake hoja yangu yote: watu 24 tu, watu wanaoweza kuketi katika behewa moja na nafasi ikabaki, wangalibadili mawazo yao, historia ya nchi hii ingalisomwa vingine kwa miaka kumi.

Miaka kumi baadaye, Mei 2005, Kikwete yule yule alipata kura 1,072 mbele ya Salim Ahmed Salim aliyepata 476 na Mark Mwandosya aliyepata 122, na hapo labda soko lisingalikosea. Lakini ukafika 2015. Makada zaidi ya 40 walichukua fomu, 38 wakazirejesha, na miongoni mwao alikuwamo mwenzetu wa Kibaoni, Mizengo Pinda, Waziri Mkuu tangu 2008, ambaye hapa Katavi tulimtakia kheri kwa mapenzi yasiyo na mipaka. Nauliza kwa ukweli wa moyo: lau watu wa Mpanda wangalifunguliwa soko la hati mwaka ule, je, wasingaliinunua hati ya Pinda mpaka bei yake ikagusa dari? Wangaliinunua, wala si kwa sababu walijua jambo. Mapenzi hununua kama vile yakini inunuavyo, na muuzaji hawezi kuzitambua fedha za huyu na za yule. Na nchini kote jina lililovuma lilikuwa la Edward Lowassa, aliyekuwa na umati barabarani na wafuasi ndani ya vikao, hata wajumbe waliimba kumtangazia imani yao. Vikao vya Julai vilipoanza, jina la Lowassa halikutoka chumbani. La Pinda halikutoka. Yalitoka majina matano, John Magufuli, Bernard Membe, Asha-Rose Migiro, Amina Salum Ali na January Makamba, yakabaki matatu, na tarehe 12 Julai Mkutano Mkuu ukampa Magufuli kura 2,104, Amina 253, Migiro 59. Mtu aliyepata kura 87 katika kila 100 ndiye yule ambaye majuma machache kabla yake wengi vibarazani hawakumtaja.

Bei, wasikilizaji, ni sauti ya barazani iliyogeuzwa tarakimu. Pale ambapo baraza ndilo linaloamua, sauti hiyo ina thamani. Pale ambapo uamuzi umo katika chumba ambacho mlango wake umefungwa, sauti hiyo yasikiliza mlango tu. Ndugu zetu Wakatoliki wa Karema, ambako misheni imesimama ufukoni mwa Ziwa Tanganyika tangu karne ya 19, walilishuhudia jambo hili Mei 2025, makadinali 133 walipojifungia kumchagua Papa mpya: masoko yalimpa Kadinali Pietro Parolin nafasi ya mbele, na Robert Prevost nafasi ndogo mno, na tarehe 8 ndiye Prevost aliyetoka roshanini akiitwa Leo wa 14. Wala si jambo la leo. Mabenki ya Roma yalikuwa yakipokea madau juu ya uchaguzi wa Papa katika karne ya 16, na mwaka 1591 Papa Gregory wa 14 akayapiga marufuku kwa adhabu ya kutengwa na Kanisa. Miaka zaidi ya 400 imepita, na hatari ni ile ile: mwenye dau juu ya jambo la faragha hupata sababu ya kueneza uvumi, na mwenye siri hupata sababu ya kuiuza.

Atasema msomi mmoja, na atakuwa na haki ya kusema, kwamba si kila tiketi huamuliwa chumbani. Kweli. Mwanzoni mwa karne ya 20 Robert La Follette, gavana wa Wisconsin, aliipigania sheria ya kuutoa uteuzi katika mikono ya wakuu wa chama na kuutia katika mikono ya wapiga kura wote, na majimbo mengi ya Marekani yakafuata. CCM nayo mwaka 2010 iliwaruhusu wanachama wote wapige kura za maoni matawini, ijapokuwa mwaka 2020 kazi hiyo ilirudi kwa wajumbe. Na tangu uchaguzi wetu wa 1965, wa alama za jembe na nyumba, tuliona kwamba umma ukipewa nafasi huwashangaza wakubwa: Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu wa ushirika wa pamba aliyejulikana Kanda ya Ziwa yote, alishindwa. Kenya, Aprili 2017, chama cha Jubilee kiliendesha mchujo wa magavana, na William Kabogo, gavana aliyekuwa madarakani huko Kiambu, alipata kura 69,916 nyuma ya Ferdinand Waititu aliyepata 353,604. Nairobi, Mike Sonko alipata 138,185, na Peter Kenneth, aliyesifiwa na wakubwa, 62,504. Kura laki tatu na nusu hazinunuliwi kwa mfuko wa mbashiri mmoja. Huo ulikuwa mzinga, na mwenye sikio zuri angaliweza kuugonga. Hata hivyo, siku ya kwanza ya mchujo ule ule ilivunjika kwa vurugu na kwa karatasi za kura kutotosha, chama kikaufuta na kuupanga upya. Na miaka mitano baadaye, 2022, tiketi za ugavana wa Nairobi kwa pande zote mbili kubwa ziliamuliwa kwa mapatano, upande mmoja akasimamishwa Johnson Sakaja, upande wa pili Polycarp Igathe, na wengine waliozitamani wakaombwa kupisha. Kwa hiyo mwenye kununua hati ya mchujo hana budi kukisia kwanza kama mchujo wenyewe utakuwapo.

Na ukiwapo, na ukawa wa haki, bado bei huchelewa kuliko nyayo za watu. Juni 2025, mjini New York, chama cha Democratic kilikuwa kikimtafuta mgombea wa umeya, na mbele ya wote alikuwapo Andrew Cuomo, aliyekuwa gavana wa jimbo hilo kwa miaka kumi, mtoto wa gavana. Mpinzani wake, Zohran Mamdani, alizaliwa Kampala mwaka 1991, mwana wa Profesa Mahmood Mamdani ambaye wengi wa rika langu wanamkumbuka akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya sabini. Februari ya mwaka ule uchunguzi mmoja wa maoni ulimpa kijana huyo kura moja katika mia, na masoko ya utabiri yalikaa na Cuomo mpaka siku za mwisho kabisa. Tarehe 24 Juni Mamdani akatangulia, na hisabu ya mwisho ilipotimia alikuwa na 56 kwa 44. Wale maelfu ya wafuasi wake waliogonga milango ghorofa kwa ghorofa walijua jambo ambalo fedha hazikuwa zimelisikia.

Sasa nije kwa lile linalonisumbua zaidi, ambalo kwa ajili yake nimeuacha usingizi wangu wa alasiri na kuyaandika haya.

Soko la uchaguzi wa Rais lina wanunuzi kama mchanga. Soko la tiketi ya gavana wa jimbo moja, katika chama kimoja, miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe, lina wanunuzi wachache, na palipo na wanunuzi wachache fedha kidogo husukuma bei mbali. Tajiri anayemtaka fulani aweza kuinunua hati yake kwa fungu ambalo si kitu kwake, na bei ikapanda kutoka 40 hata 62 kwa siku moja. Kisha tarakimu hiyo husomwa katika habari kana kwamba ni kipimo cha mvua. CNN, televisheni inayotazamwa dunia nzima, ilifanya mapatano na Kalshi Desemba 2025 ili tarakimu hizo ziwemo katika habari zake. Mfadhili akisikia 62 huleta mchango wake kwa mwenye 62. Anayetafuta cheo hujisogeza kwake. Mwenye 31 huanza kuambiwa na marafiki kwamba apishe kwa heshima. Bei iliyoanza kwa kusema "nadhani" huishia kwa kusema "na iwe." Warina wa Ugalla hawakuwa na uwezo huo, hakuna aliyegonga mzinga nyuki wakamletea asali zaidi kwa kumtii.

Nasi tunajua, kwa uchungu, namna fedha inavyojifunza kuvaa kanzu ya heshima. Neno takrima, katika Kiswahili cha babu zetu, lilikuwa neno la murua: kumkirimu mgeni, kumtandikia mkeka mpya, kumpa maji kabla hajauliza. Mwaka 2000 neno hilo likaingizwa katika sheria zetu za uchaguzi, likageuzwa jina la zawadi wanazopewa wapiga kura, na ilipasa tungoje mpaka Aprili 2006 kwa Mahakama Kuu kutamka kwamba vifungu vile vinapingana na Katiba. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ikapeleka mkono wake hata ndani ya uteuzi wa vyama. Lakini neno takrima halikurudi nyumbani safi. Mpaka leo nikilisema mbele ya vijana, hunitazama kama niliyetaja aibu. Naogopa lisije neno jingine zuri, utabiri au hekima ya wengi, likaenda safari ile ile.

Woga huu haukutoka vitabuni. Miaka mingi iliyopita, katika wakati ambao wajumbe ndio waliopiga kura za maoni wilayani, nami nilikuwa mjumbe kutoka kwetu Ugalla. Wiki ya mwisho alikuja nyumbani kwangu mfanyabiashara mmoja, mtu wa watu, ambaye sitamtaja jina wala biashara yake, akaketi, akanywa uji, akaniuliza kwa upole kabisa wajumbe wa upande wetu wanaelekea wapi. Nilimwambia nilivyoona, bila kuficha, kwa kuwa swali lenyewe halikuwa na kosa. Baadaye nilipata kujua kwamba yeye na mwenzake walikuwa wamewekeana dau: madebe ishirini ya asali juu ya nani atakayeongoza. Alikuwa amezunguka kata zote akiuliza, kama yule Mfaransa, naye aliuliza vizuri, akapata jibu sahihi. Na jibu hilo lilimwonyesha kwamba yule aliyemwekea dau atashindwa kwa kura chache sana.

Basi alirudi. Safari hii hakuuliza. Aliketi pale pale, akanywa uji ule ule, akazungumza juu ya mvua na tumbaku, na alipoondoka alikuwa ameacha nje ya mlango debe moja la asali, kifuniko kimelegea, bila kusema ni la nini. Mke wangu alilitazama, akanitazama. Nilimwambia asiliingize. Nilikuwa na watoto wadogo wanne ndani, na nyumba haikuwa na sukari mwezi ule, na nataka msikilizaji ajue kwamba sikulala.

Lile debe lilikaa nje usiku kucha. Kulipopambazuka nyuki wa msituni walikuwa wamekwisha kulifikia, wamelifunika lote, wanairudisha asali walikoitoa. Na mimi, nikiwa nimevaa shati langu la kijani tayari kwa safari ya mkutanoni, nilipita kwa mlango wa nyuma.